Hiyo siyo nyama uzembe

Mtaani, kila kinachoning'inia mwilini kina jina moja: nyama uzembe. Mtu mwenye kilo 130 anaambiwa ana nyama uzembe. Akihangaika miaka miwili akafika kilo 80, ile ngozi inayobaki imekunjamana tumboni na chini ya mikono nayo inaitwa nyama uzembe. Mara ya kwanza jina hilo ni tusi tu. Mara ya pili ni tusi na kosa la kisayansi juu yake.

Tumeongea sana kuhusu uzito miaka hii. Profesa Mohamed Janabi, alipokuwa mkurugenzi mtendaji wa Hospitali ya Taifa Muhimbili, aliwafanya hata wasiopenda mambo ya afya wajadili wanga, kitambi na saa za kula. Mloganzila ikaanza kuweka puto tumboni. Mjadala ule ulitufaa. Lakini sisi tulioudaka na kuusambaza kwenye simu tukaubakiza kwenye mizani: kilo ngapi, kwa muda gani, lete picha ya kabla na baada. Zitazame picha hizo vizuri. Kwenye "kabla", fulana imebana na tumbo liko nje. Kwenye "baada", suruali imepanda hadi kitovuni na mikono imeshuka ubavuni. Hakuna anayeinua mkono. Dada wa Ujiji anayeanza kupungua anaahidiwa mwili wa picha, kisha anapata mwili wa kweli na kudhani kuna alichokosea. Hatari ni kwamba atazidi kujinyima ili ayeyushe "mafuta yaliyobaki", wakati pale pana ngozi zaidi kuliko mafuta, na anachopoteza sasa ni misuli.

Maelezo yanayotolewa sana ni ya lastiki ya sketi: ikivutwa muda mrefu, inalegea. Nusu yake ni kweli. Ngozi ya ndani imeshikiliwa na nyuzi za kolajeni, ambazo ni kama robo tatu ya uzito wake ikikaushwa, na nyuzi chache za elastini zinazoirudisha ikivutwa. Elastini nyingi mwili huitengeneza tukiwa tumboni mwa mama na utotoni. Ukubwani, iliyoharibika hairudi kwa urahisi. Ndiyo maana umri, jua, sigara na miaka uliyokaa na uzito mkubwa vina maana kuliko bidii yako.

Lakini lastiki haiongezeki, na ngozi inaongezeka. Ikivutwa polepole, seli zake hugawanyika na ngozi mpya huzaliwa. Mwaka 1957 daktari Mmarekani, Charles Neumann, alieleza alivyopachika puto chini ya ngozi karibu na sikio na kulijaza kidogo kidogo hadi akapata ngozi ya ziada ya kujengea sikio lililoharibika. Leo madaktari wa upasuaji hutumia njia ya aina hiyo kuziba makovu ya moto. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na kilo 130 ana ngozi nyingi kweli, ni nyama yake halali yenye mishipa na neva. Sioni zoezi la kuifuta. Kujenga misuli kunajaza nafasi kidogo, hasa mapajani na mikononi, lakini hakupunguzi hata sentimita moja ya ngozi.

Halafu kuna ushauri wa maji: kunywa lita tatu, ngozi itakaza. Nadhani najua unakotoka. Kipindupindu kilipowapiga wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Mei 2015, moja ya vipimo vya haraka vya wahudumu wa afya popote duniani ni kufinya ngozi ya tumbo na kuiachia. Ikirudi taratibu, mgonjwa amepungukiwa maji. Hiyo ni sayansi safi. Kosa ni kuigeuza: kwamba ukosefu wa maji huchelewesha ngozi kurudi hakumaanishi maji ya ziada yataondoa ngozi iliyozidi. Ukishakuwa na maji ya kutosha, mengine utayapeleka chooni.

Na mafuta ya mise je? Kigoma ni nyumbani kwa mchikichi, hatuwezi kulikwepa. Mise inalainisha ngozi na kuizuia isikauke, sina ugomvi nayo. (Mawese nayaheshimu zaidi yakiwa kwenye maharage.) Lakini mafuta hukaa juu. Hata krimu za bei mbaya zilizoandikwa "kolajeni" hazifiki mbali: molekuli ya kolajeni ina uzito wa kama dalton 300,000, na zinazopenya ngozi kirahisi huwa chini ya 500 hivi. Ni sawa na kujaribu kupitisha mtumbwi kwenye tundu la wavu wa dagaa.

Ambacho hakisemwi kabisa ni mikunjo yenyewe. Kwa joto letu la ziwani, jasho linatuama chini ya tumbo, ngozi inasuguana, fangasi wanapata makazi. Panawasha, panachubuka, panatoa harufu, na mtu anaona aibu kusema kwa sababu kila mtu anampongeza. Osha, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, weka kitambaa cha pamba katikati ya mkunjo. Pakiwa pekundu au panauma, nenda kituo cha afya, na waambie wapime sukari pia. Usikimbilie krimu za mchanganyiko za duka la dawa bila kuandikiwa: nyingi zina steroidi, na steroidi ikipakwa muda mrefu kwenye mikunjo huifanya ngozi iwe nyembamba na kuleta michirizi. Unatibu ngozi iliyolegea kwa dawa ya kuilegeza.

Kinachoiondoa ngozi iliyozidi ni kisu. Madaktari husubiri uzito utulie, mara nyingi miezi sita au zaidi, na humtaka mvutaji aache sigara, kwa kuwa huchelewesha kidonda kupona. Bei yake si pesa tu. Kovu la tumbo linaweza kutoka nyonga hadi nyonga, na sisi wenye ngozi nyeusi tunapata keloidi kuliko weupe. Damu inaweza kuganda miguuni, majimaji yakajikusanya chini ya kidonda. Mloganzila wanafanya upasuaji wa kurekebisha maumbo, ila kutoka Kigoma kwa reli hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na kidonda hicho kinahitaji kuonwa tena na tena. Kabla ya kukata tiketi, uliza nani atakibadilisha bandeji ukisharudi, na kama Maweni wataarifiwa kwa barua.