Safari Mbili za Mwindo

Kila taifa lina hadithi za mashujaa wake. Mwaka 1949 Mmarekani Joseph Campbell alitoa kitabu kusema kwamba hadithi hizo zote zafuata njia moja: shujaa aondoka kwao, ashinda hatari, kisha arudi na zawadi kwa watu wake. Tupime neno hilo kwa hadithi ya kwetu Kongo, ile ya Mwindo wa Wanyanga. Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956 kwa siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaipiga chapa mwaka 1969.

Mwami Shemwindo wa Tubondo hakutaka mtoto mume. Mwindo alipozaliwa, baba alimtupia mkuki, akamzika, akamfunga ndani ya ngoma na kumtosa mtoni. Mtoto akapona. Baadaye akaja na vita, akamfuata baba yake mpaka kuzimu. Sisi tungengojea kisasi. Lakini alimrudisha nyumbani. Baba akaungama kosa lake mbele ya watu, na mwana akamsamehe.

Mpaka hapo Campbell ana haki, maana naye ataja upatanisho wa mwana na baba. Lakini mwenye kushika njia yake tu atafikiri hadithi imekwisha. Wanyanga waliendelea. Mwindo, mwenye kujisifu sana, aliua joka, rafiki wa Nkuba, ndiye umeme. Nkuba akamchukua juu angani. Mwaka mzima akateswa na mvua, baridi na jua, wala nguvu zake hazikumfaa kitu. Alirudi mtu mwingine, akawapa watu sheria: wasigombane, wasitamani mke wa mwenzao, wasimcheke kilema. Safari ya kwanza ilimpa ushindi. Ya pili ilimpa hekima ya kutawala.

Je, Yezu Kristu ni mmoja wa mashujaa hao? Hapana. Mwindo alinyenyekezwa kwa nguvu, sababu ya majivuno yake. Kristu alijinyenyekeza mwenyewe, bila dhambi, kwa ajili yetu. Tena Injili si hadithi ya jioni: aliteswa kwa amri ya Ponsio Pilato. Lakini tusiitupe hekima ya wazee kama kitu cha shetani.

Kijana arudiye toka mjini na elimu na fedha, akiwadharau wazazi wake, bado hajaanza safari ya pili. Enyi wazazi, wasimulieni watoto hadithi nzima. Msiikate penye ushindi.