Bonge la Udongo

Mzee aliyenichimbia bwawa uani kwangu, hapa Mbeya, ni mtu wa Iringa aliyekulia kwenye vinyungu, zile bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Alifika asubuhi, akasema "Kamwene," nikamkaribisha chai. Akakataa. Chai angekunywa bwawa likishakaa.

Akaenda moja kwa moja kwenye shimo nililokuwa nimechimba mwenyewe, akachota udongo, akaulowesha, akaufinyanga ukawa bonge la ukubwa wa chungwa. Akalirusha juu, likapita kichwa chake, akalidaka. Likasambaratika kiganjani.

"Mwanangu," akasema, "hapa umechimba chekeche."

Na kweli, nilikuwa nimelijaza maji mara mbili, na kila kukicha nakuta shimo kavu. Udongo wetu una majivu na vijiwe vyepesi vilivyotapikwa na volkano za Rungwe enzi hizo. Viazi vinaupenda. Maji yanapita tu.

Tulihamia chini kidogo, karibu na mfereji, na udongo wa mfinyanzi ukaletwa kutoka bondeni. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuchimba ni sehemu ndogo ya kazi. Mfinyanzi ulitandazwa kwa tabaka nyembamba, ukamwagiwa maji, ukakanyagwa kwa miguu mitupu mpaka nyufa zikaisha, ndipo tabaka jingine likafuata. Watoto wa jirani walijitolea kukanyaga bila kuombwa. Mama zao ndio waliolalamika. Mzee alikuwa akipita nyuma yao, akibonyeza kwa kisigino. Palipolegea hakusema neno, alirudia mwenyewe. Upande mmoja aliuacha na kina cha nusu mita, wa pili ukazidi mita moja. Kingo hazikusimama wima kama ukuta, zililala, ili tope lisiporomoke na chura apate pa kupandia.

Watu humwita mchimba mashimo. Jina hilo linaniudhi. Shimo hata mvua hulichimba.

Maji yalipokaa, tulijenga kizizi cha fito kwenye kona, ndani tukatia samadi na majani. Vifaranga vya perege sikuruhusiwa kuvitia mpaka maji yawe ya kijani, kwa sababu kijani hicho ndicho chakula chao cha kwanza. Kipimo chake hakinunuliwi: unatumbukiza mkono, kiganja kikiangalia juu, na maji yakifika kwenye kiwiko kiganja kiwe kimepotea machoni. Ukikiona bado, ongeza samadi. Kikipotea mapema mno, acha.

Juni na Julai perege hawana hamu ya kula, baridi ya nyanda hizi inawaweka chini kabisa. Basi raha ya bwawa ni Oktoba, mijakaranda ikiwa imechanua na masika bado. Jioni navuta kigoda. Kerengende anachovya mkia majini, anataga, anachovya tena. Mdiria ananiibia samaki mmoja mmoja, nami nimekataa kutandaza wavu. Vyura walikuja wenyewe, na wageni wangu huuliza kelele zote hizo za nini.

Huwa nawasimulia habari za Kihansi, kwenye miteremko ya Udzungwa. Pale palikuwa na chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa vitoto badala ya kutaga, aliyeishi ndani ya ukungu wa maporomoko tu. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, ukungu ukakauka. Kufikia 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliobaki walikuwa wakitunzwa Marekani, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao, ambako sasa mabomba hunyunyiza ukungu wa kutengenezwa. Mgeni akishasikia hayo, vyura wangu anawavumilia walau hadi chakula cha usiku.

Mzee alirudi Oktoba iliyopita bila taarifa. Akazunguka kingo polepole, akibonyeza kwa kisigino. Kisha akakunja mkono wa shati, akachuchumaa, akauzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatazama kwa muda mrefu pale kiganja chake kilipopotelea.

"Haya," akasema akijifuta kwenye suruali, "iko wapi ile chai?"