Mkono wa Tano

Hapa Isebania watu hutafsiri kabla ya chai ya asubuhi. Mama muuza nyanya karibu na kituo cha mpakani huzungumza Kikuria na jirani yake, Kijaluo na mteja wa kutoka Migori, na Kiswahili na waliobaki. Na hicho Kiswahili nacho hukigeuza. Mkenya atamwambia stima imepotea, aliyevuka kutoka Sirare, upande wa Tanzania, atamwambia umeme umekatika. Hatumsifu, maana tunadhani ni wepesi wa ulimi tu. Mimi nauita ufundi, na unatudai heshima kubwa kuliko tunayoupa.

Kuona uzito wa ufundi huu, tazama mwaka 1599. Huko London, upande wa kusini wa mto Thames, waigizaji wamesimamisha jumba jipya la Globe kwa mbao za jumba lao la zamani walilolibomoa. Septemba 21 msafiri wa Uswisi, Thomas Platter, alivuka mto akaona mchezo wa Julius Caesar chini ya paa la nyasi. Mwandishi wake, Shakespeare, kisa alikitoa wapi? Plutarch alikuwa ameandika habari za Kaizari kwa Kigiriki. Jacques Amyot akaitia kazi hiyo katika Kifaransa mwaka 1559. Thomas North akakichukua Kifaransa cha Amyot, akakigeuza Kiingereza mwaka 1579, na ni katika kisima hicho cha North ndimo Shakespeare alimochota. Gwiji wa Kiingereza alisimama juu ya mabega ya wafasiri wawili.

Mkono wa tano, baada ya Plutarch, Amyot, North na Shakespeare, ulitoka kwa jirani yetu. Julius Nyerere alizaliwa Butiama, katika mkoa huohuo wa Mara unaoanzia pale Sirare, na lugha aliyonyonya kwa mamaye ni Kizanaki. Tafsiri yake ya mchezo huo ilitoka mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika. Januari iliyofuata askari wake waliasi. Kwa hiyo mtawala ndiye aliyepima neno kwa neno kisa cha kuuawa kwa mtawala. Tena hakuridhika. Mwaka 1969 aliitoa upya baada ya kuirekebisha, na jina lililokuwa Julius Caezar likawa Juliasi Kaizari, lenye irabu zake zote. Namheshimu sana fundi anayerudia kazi ambayo watu walikwisha kuipokea.

Ugumu wake uko hapa. Mbele ya maiti ya Kaizari, rafiki yake Antony anarudia neno moja la sifa, honourable, kwa Brutus, mmoja wa waliomuua, mpaka sifa inakuwa sumu. Kwa Kiswahili utalitia neno gani? Muungwana lina ukoo na malezi ndani yake. Mwadilifu linataja tabia, lakini halina cheo. Mheshimiwa lina cheo, ila kwetu limekwisha kuzoeleka kwa wabunge, na linaweza kuchacha kabla Antony hajalichachusha. Neno utakalochagua lazima liingie safi masikioni mwa umati, kisha lioze polepole. Kamusi haikusaidii hapo. Unahitaji sikio lililokaa sokoni, barazani na msibani.

Mwaka huohuo wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya mchezo mwingine wa Shakespeare. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Nyerere akaweka wingi, tena neno la siasa, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha lililotangaza ujamaa. Wako wanaoona alizidisha. Mimi ningebaki na umoja, kwa kuwa upweke wa Antonio, mfanyabiashara huyo, ni nusu ya mchezo. Lakini nauona usomaji wake: katika mji ule hata mapenzi yanapimwa kwa fedha, basi kwa nini alaumiwe mmoja? Mfasiri aliyesoma kwa kina kiasi hicho naweza kubishana naye kama ninavyobishana na mtunzi.

Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, katika hospitali iliyo upande uleule wa kusini wa Thames, miaka mia nne baada ya mwaka wa Globe. Alizikwa Butiama. Ukitoka hapa Isebania, unavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, na pale Makutano unashika njia ya kwao.