Nakala ya Tatu

Kabla kompyuta haijafika kusini mwa jimbo la Maniema, nchini Kongo, Kasongo ilikwisha kujulikana na wataalamu wa afya wa nchi nyingi kwa utunzaji wa kumbukumbu. Katika miaka ya 1970, madaktari na wauguzi wa Zaire ya wakati ule, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga huko mtandao wa vituo vya afya. Kadi za wagonjwa wa kurudi ziliwekwa sandukuni kwa kufuata mwezi wa miadi. Mwezi ukiisha na kadi bado imo, muuguzi alijua nani hakuja, na aliweza kumfuatilia. Kumbukumbu za watoto wa Kasongo ndizo zilizozaa utafiti wa chanjo ya surua uliochapishwa katika The Lancet mwaka 1981. Matokeo yake yalibishaniwa kwa miaka mingi.

Mtunza data wa leo, Kasongo, Kabambare au Lusangi, ni mrithi wa wauguzi hao. Ripoti za mwezi humfikia kwa pikipiki, zimeandikwa kwa mkono. Naye huziingiza katika DHIS2, programu iliyoanzia Afrika Kusini na kukuzwa Chuo Kikuu cha Oslo. Kilichokwisha kufika kwenye seva kiko salama kiasi. Roho juu ni kwa yale yaliyomo ndani ya kompyuta moja tu: orodha za wagonjwa, hesabu za dawa, mishahara.

Wenye kazi hii wana kanuni waliyoachiwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh: nakala tatu za data, katika vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Kuitamka ni rahisi. Kuitimiza kwa umeme wa jua ndipo ufundi ulipo.

Fundi mzuri hangoji jioni. Hunakili jua likiwa kali na betri imejaa, kwani umeme ukikatika katikati faili hubaki nusu, na jina lake huonekana zima. Kwanza huifunga programu ya wagonjwa, maana hifadhidata inayoandikwa huku inanakiliwa hutoka na kasoro. Ndipo huchomeka diski. Ana diski mbili, hupokezana kila wiki, na hakuna inayoachwa imechomekwa: virusi vinavyosafiri na fleshi za watu vikiingia kwenye mashine, vitaila na nakala iliyo pembeni. Diski ya wiki iliyopita hulala nyumba nyingine, imefungwa vizuri vumbi na unyevu visiifikie.

Baada ya hapo huja hatua ambayo wengi huiruka, nami humpima fundi kwa hiyo. Huichukua nakala, huifungua kwenye kompyuta nyingine, na kuirudisha kazini kana kwamba ile ya kwanza imeungua. Hulinganisha idadi ya wagonjwa. Kisha hufunua daftari la karatasi, huchagua mstari mmoja bila kupanga, tuseme mama mjamzito wa mahudhurio ya tatu, na kumtafuta kwenye skrini: jina, kijiji, uzito, tarehe ya kurudi. Akikosekana, kazi yote huanza upya, hata kama mchana umekwisha. Hakuna anayempongeza kwa saa hiyo. Hata mgonjwa mwenyewe hatajua. Kwangu mimi huo ni uuguzi, ingawa hashiki sindano.

Diski hizo hufungwa kwa nenosiri, kwa sababu zina siri za watu, majibu ya vipimo vya UKIMWI yakiwemo. Nenosiri lenyewe huandikwa, likatiwa katika bahasha iliyofungwa na kukabidhiwa daktari mkuu wa zoni ya afya, ili mtunza data akihamishwa au akiugua, atakayekaa kwenye kiti chake aweze kuifungua nakala siku hiyohiyo.