Siri na Talaka katika Utengano

Riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980, imekwisha kusomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Kenya. Usomaji uliozoeleka huiona kuwa kisa cha adhabu: mume mzinzi anafichuliwa, nyumba yake inasambaratika, naye anavuna alichopanda. Usomaji huo una ukweli wake, lakini hautoshi kujibu swali la msingi: ni nini hasa kinachoivunja ndoa ya Bwana Maksuudi na Bi Tamima?

Tuutazame mpangilio wa matukio. Maksuudi anawafungia ndani mkewe na bintiye Maimuna kwa jina la heshima, ilhali yeye mwenyewe anafuata raha kwa Kazija. Mussa, mwanawe wa kiume, anamwendea mwanamke huyo huyo, na Kazija anapanga baba na mwana wakutane nyumbani kwake. Msomaji angetarajia talaka itokane na fumanizi hilo. Haitoki hapo. Bi Tamima anaposhikwa na uchungu wa uzazi, Maimuna anavuka kizingiti kwenda kumwita mkunga, Farashuu. Kwa ajili ya tendo hilo Bi Tamima anapigwa na kuachwa. Hivyo basi, mwenye siri ndiye anayetoa hukumu, na anayehukumiwa ni mzazi aliyehitaji msaada.

Sarufi ya Kiswahili inatusaidia kuliona jambo hili. Mume huoa, mke huolewa. Mume huacha, mke huachwa. Katika mazoea hayo ya lugha, mke huingia katika ndoa na kutoka kwa kauli ya kutendwa. Kitenzi fumania, kinyume chake, hakibagui: mke naye aweza kumfumania mumewe. Lakini mwandishi hakumpa Bi Tamima kitenzi hicho. Kimekwenda kwa Kazija, naye anakitumia katika kauli ya kutendesha: anawafumanisha wanaume wawili. Kisasi chake ni kwa ajili ya wengine waliodhulumiwa na Maksuudi, wala hakikukusudiwa kumwokoa mke aliyefungiwa.

Jina la riwaya nalo lazingatiwe. Utengano latokana na tengana, na kiambishi -an- hudokeza pande mbili zinazotendana. Hapa, hata hivyo, mtendaji ni mmoja: Maksuudi ndiye aliyetenga, tena alitenga kabla ya talaka kutamkwa. Kuta alizoziweka baina ya mkewe na ulimwengu ndizo zilizoilinda siri yake, kwa kuwa mke asiyetoka wala kutembelewa hapati wa kumpasha habari. Kwa sababu hiyo hatukubali kwamba utawa wa Bi Tamima na uzinzi wa Maksuudi ni mambo mawili yanayopingana. Ni mfumo mmoja wenye nyuso mbili, na talaka inatokea pale binti anapoufungua mlango.

Tunaona kasoro moja. Baada ya talaka, jicho la msimulizi linamfuata Maimuna hadi kwa Mama Jeni na kuendelea, mpaka anapokutana na Kabi. Nafsi ya mama haichunguzwi kwa kina kama ya binti. Aliyevunjiwa ndoa anasogezwa pembeni mwa kisa, kama alivyokuwa amesogezwa pembeni mwa nyumba yake mwenyewe. Huenda mwandishi alikusudia kuonyesha jinsi dhuluma inavyorithiwa. Hata hivyo, tungalipenda kumsikia Bi Tamima zaidi.

Suala hili linahusu pia ufundishaji wetu. Mwalimu anayeifundisha Utengano kuwa onyo dhidi ya uzinzi tu humfanya mwanafunzi aamini kuwa, lau Maksuudi angalikuwa mwaminifu kitandani, ndoa hiyo ingalikuwa njema. Riwaya yenyewe haisemi hivyo. Inatuonyesha mke aliyekwisha kutengwa, na mume ambaye hakuhitaji kufumaniwa ndipo awe amekosa.