Swali Lililotangulia Damu

Mwaka 2021 polisi wa Kenya walimkamata Masten Wanjala, kijana wa miaka 20, wakasema amekiri kuua watoto wasiopungua 10. Oktoba mwaka huo alitoroka mahabusu jijini Nairobi, na siku mbili baadaye wananchi wenye hasira wakamuua huko Bungoma. Hata huku Zirai tulisema, "Huyo alikuwa shetani." Neno hilo likatutosha. Mahakama haikumhukumu, wala sisi hatukuuliza alikuaje.

Kitabu cha Lionel Dahmer, A Father's Story, kilichotoka mwaka 1994, kinalikataa jibu hilo jepesi. Baba huyu Mmarekani anamwandika mwanawe Jeffrey, aliyeua watu 17 kati ya 1978 na 1991. Anamkumbuka mtoto aliyezidi kunyamaza, aliyevutiwa na mifupa ya wanyama waliokufa. Shuleni kijana alilewa, wenzake wakijua. Mwaka 1978 wazazi walipoachana, akabaki peke yake nyumbani. Ndipo alipoua mara ya kwanza.

Uzuri wa kitabu ni kwamba baba hajifichi. Udhaifu wake ni kutafuta mno chanzo ndani ya nyumba: tabia aliyomrithisha mwanawe, dawa alizotumia mama mjamzito. Walimu, majirani na wenzake hawaulizwi sana, kana kwamba mtoto hulelewa na watu wawili tu.

Tusikosee. Watoto wengi ni wapweke na hawamdhuru mtu. Upweke haumwondolei muuaji hatia, wala haufuti machozi ya waliofiwa. Lakini tusome tena Mwanzo sura ya 4. Kabla Kaini hajamwua Habili, Mungu aliuona uso wake ulivyobadilika, akamuuliza sababu. Swali la ndugu yake yuko wapi lilifuata baadaye. Sisi tumezoea kuuliza hili la pili.

Katika darasa letu la kipaimara alikuwapo kijana aliyekaa nyuma peke yake mpaka masomo yakaisha. Tulimsifu kwa utulivu. Hatukumuuliza lolote, na hata leo hatujui alikuwa amebeba nini.

Jumapili ijayo atakuwapo mwingine. Wazee wa kanisa, wazazi, walimu wa Shule ya Jumapili, tuketi karibu naye. Tumuulize habari zake, kisha tungoje ajibu.