Kanda za Muziki wa Redio: Ni Hazina au Ni Mchezo?

Wasomaji, iko kazi moja iliyoenea siku hizi ambayo yafaa tuipime, tuone uzuri wake na upungufu wake. Ni kazi ya watu wanaokusanya kanda za zamani za muziki wa bendi uliopigwa redioni, na kugawiana wao kwa wao. Wengine wako Dar es Salaam na Tanga, wengine Ulaya na Marekani. Hata huku kwetu Handeni na Korogwe wapo wazee waliokuwa wakiketi mbele ya redio jioni, wakinasa nyimbo katika kaseti, na kaseti hizo zingali masandukuni. Wako wanaosema kuwa huu ni mchezo wa wasio na kazi, na wako wanaosifu kila kilicho cha kale. Mimi naona pande zote mbili zimekosa.

Kwanza tujue asili ya thamani yake. Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na tangu mwaka 1965 chombo kile kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambacho leo ni TBC. Zamani hizo nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka santuri yake ilitazama Nairobi. Tena mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya ukafungwa hata mwaka 1983. Basi kwa bendi nyingi hapakuwa na mahali pa kuweka sauti ila katika chumba cha Radio Tanzania. Nyimbo zilipigwa pale, zikatangazwa, lakini nyingi hazikuuzwa. Mtu wa kijijini hakuweza kuununua wimbo. Aliweza kuusikia tu, au kuunasa. Ndiyo sababu kaseti iliyojaa vumbi yaweza kuwa na kitu kisichopatikana katika duka lolote.

Pili, kanda hizi zina faida kwa muziki wenyewe. Santuri ndogo ilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, hivyo wimbo mrefu ulikatwa, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Kanda ya redio haikuwa na haja ya kuukata. Na muziki wetu wa dansi wataka nafasi: huanza taratibu, mwimbaji akasimulia habari yake mpaka mwisho, ndipo magitaa hugeuza mwendo, tarumbeta zikaingia, na wachezaji wakachangamka. Mwenye kusikia sehemu moja tu hajausikia wimbo. Ushahidi ni mkusanyo uitwao Sikinde, wa bendi ya Mlimani Park, uliotolewa Marekani mwaka 1994 kutoka katika kanda za Radio Tanzania. Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1978, na miongoni mwa waimbaji wake alikuwa Cosmas Chidumule, ambaye baadaye aliacha dansi akawa mwimbaji wa Injili. Katika kanda hizo kila neno lasikika, kwa maana mafundi wa redio waliweka sauti ya mwimbaji mbele ya vyombo.

Lakini tusitie chumvi. Wako wakusanyaji wanaosema kuwa hiyo ndiyo sauti kamili ya dansi la zamani. Sivyo. Bendi ilipiga ndani ya chumba, pasipo wachezaji, na maneno ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa. Yaliyoimbwa ukumbini usiku wa manane hayakupita yote katika mlango ule. Kanda ya redio ni shahidi mkweli, walakini ni shahidi wa alichokiona tu.

Sasa niseme makosa ya wakusanyaji, nayo ni matatu.

Kosa la kwanza ni kukata sauti ya mtangazaji, eti wimbo ubaki safi. Mtangazaji ndiye aliyetaja jina la bendi, la wimbo, na pengine la mtunzi. Akiondolewa, sauti yabaki yatima. Ndugu Wilson na George Kinyonga walipiga katika Jamhuri Jazz ya Tanga kabla ya kuanzisha Simba Wanyika huko Kenya. Kaseti isiyo na jina wala mwaka, nani atajua kama ni wao au ni waliobaki Tanga? Tena katika vipindi vya salamu yalisomwa majina ya watu na vijiji. Mgeni hukata maneno hayo kwa kuwa hayamhusu. Lakini kwa mjukuu wa aliyetajwa, pengine ni hayo yaliyo na thamani kuliko gitaa.

Kosa la pili ni uchoyo. Wako wasiotoa kanda mpaka wapewe nyingine iliyo adimu sawasawa. Mtumwa aliyefukia talanta yake ardhini hakuiba kitu, hata hivyo alihukumiwa. Na talanta hii huoza: utepe wa kaseti huharibiwa na joto, unyevu na ukungu, na sanduku la choyo haliuponyi.

Kosa la tatu ni kinyume cha la pili: kugawa kila kitu kana kwamba hakina mwenyewe. Wapigaji wengi walikuwa waajiriwa wa mashirika, kama vile NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi. Walipata mshahara, na walipozeeka wengi hawakuwa na fungu katika kazi yao. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yatambua haki ya mtunzi na ya mpigaji. Kuhifadhi ni jambo jema. Kuuza jasho la mzee aliye hai pasipo kumwuliza ni wizi, hata kama muuzaji anampenda sana.

Je, sisi tufanye nini? Mwenye kaseti asirekodi juu yake. Avunje vile vijimeno viwili vya nyuma ili isifutike. Aiweke mahali pakavu, mbali na jua na spika za redio. Amtafute kijana mwenye kompyuta ainakili nzima, pamoja na mtangazaji na mikwaruzo, nakala mbili, zikae nyumba mbili. Nasi walimu tuwasikilizishe wazee tukiandika majina wanayoyatambua. Ikiwa ndani yake mna mdumange wa Wasambaa, au kwaya ya Kideleko au ya Magila, tuifanyie vivyo hivyo, kwa maana mashine haikuchagua dansi peke yake.

Katika kazi hii la haraka ni majina. Utepe waweza kungoja mwaka mmoja sandukuni. Mzee ajuaye ni nani aimbaye pengine hatangoja. Baada ya ule mkate na samaki, wanafunzi waliambiwa wakusanye vipande siku ile ile, kabla watu hawajatawanyika.